Umeme Ukirudi, Friji Iache Kwanza

Kompresa nyingi, yaani pampu za gesi za friji, ninazoletewa hapa Ngamiani hazikufa kwa uzee, zimeuawa na haraka. Umeme unakatika, unarudi baada ya muda mfupi, na mwenye nyumba ana samaki ndani, basi anawasha papo hapo. Friji inanguruma kidogo, tik, kimya. Inajaribu tena, tik.

Kompresa ikiwa kazini, gesi iliyo kwenye mabomba ya nyuma huwa na presha kubwa, na ya upande wa barafu huwa na presha ndogo. Ikizimwa, gesi hupenya polepole kwenye kamrija kembamba mpaka pande zote mbili zilingane. Ukiwasha kabla hazijalingana, mota inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi na kuchemka, ovalodi, swichi ndogo ya kuilinda, inaikata. Ile tik ndiyo ovalodi. Ukizidi kuibishia, iko siku waya wa ndani utaungua, na hapo tutaongea bei nyingine.

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika 5. Frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati yake na soketi, hukusubiria yenyewe, lakini wapo wateja wangu walioiona "inachelewesha", wakaing'oa. Sina la kusema.

Wengi hudhani kupumzika ni kazi kusimama, kumbe mambo yanaendelea. Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hutumia kama sekunde 0.8 kwa kila pigo, na zaidi ya nusu ya muda huo umelegea. Ukilegea ndipo unapojaa damu, na ndipo misuli yake yenyewe inapopata sehemu kubwa ya damu yake. Mapigo yakienda mbio, muda unaopungua zaidi ni huo wa kulegea. Ndiyo maana tukipandisha friji ghorofani, na joto hili la Tanga, kila penye nafasi tunatua. Mteja anune akitaka.

Kwenye maneno nako, kimya kina kazi yake. Katika Morse, zile alama za telegrafu ambazo kila herufi ni milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari), nukta na mstari vikifuatana karibu ni A. Ukiviachanisha kwa muda wa nukta 3, vinasomeka E, kisha T. Alama ni zilezile.

Mteja mmoja alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, kasema kwa pumzi moja: "Fundi kijana kaharibu friji." Nikamgeukia msaidizi wangu kwa hasira. Kumbe mama wa watu alikuwa akiniita mimi: "Fundi, kijana kaharibu friji." Mwanawe alikwangua barafu kwa kisu, akatoboa bomba, gesi yote ikatoka.

Unapoagiza jambo kwa sauti, ukishamtaja mtu, tulia kidogo ndipo uendelee. Ukiandika, weka mkato. Na hicho kisu kirudishe jikoni: barafu ikijaa, hamisha vyakula, zima friji jioni, acha mlango wazi, tandika tambara chini. Asubuhi itakuwa imeyeyuka bila hata shilingi ya fundi.