Kisukari cha mtoto si kile cha mtu mzima

Namlea binti mwenye kisukari cha aina ya kwanza, na mama yangu mzazi anacho cha aina ya pili. Mashine ya kupimia ni moja, ugonjwa si mmoja, na kinachoniumiza ni watu kuuliza kama tulimzidishia mtoto pipi. Hatukumpa ugonjwa kwa pipi. Kinga ya mwili wake ilishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoutoa sukari kwenye damu na kuuingizia mwili, na hakuna mlo ambao ungeizuia. Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa, watoto kama yeye walikufa. Kwa hiyo ukishauriwa uache sindano ujaribu mitishamba, kataa, hata kama anayekushauri anakupenda.

Kwa mama insulini ipo, ila mwili hauitikii ipasavyo. Hapa kuuzuia ugonjwa kunawezekana kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulifuatilia watu ambao sukari yao ilikuwa juu lakini haijafikia ugonjwa. Waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Kama kwenu kuna historia ya kisukari, pima sukari ya damu kabla hujala asubuhi, 7.0 mmol/L na kuendelea, kipimo kikirudiwa, ni kisukari.

Kwa mtoto usisubiri kurudia. Akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara, anakonda, au ameanza tena kukojoa kitandani, omba atobolewe kidole siku hiyo hiyo. Akitapika, akihema kwa nguvu na pumzi ikanuka kama matunda, huo si mchafuko wa tumbo tu, ni dharura ya hospitali. Na mtoto anayetumia insulini akipata homa, usiisimamishe insulini eti kwa sababu hataki kula. Sukari hupanda hata tumbo likiwa tupu. Pima mara nyingi zaidi na mpigie daktari.

Kushuka kwa sukari nako kunatisha. Wengine hutetemeka na kutoka jasho. Wangu hunyamaza tu, macho kwenye daftari, kalamu imesimama. Nikipima nakuta chini ya 4 mmol/L. Nampa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nasubiri dakika 15, napima tena. Akizimia, usimtie chochote mdomoni: mlaze ubavu, ita msaada.

Sindano tunazihamisha, leo paja, kesho tumbo, kwa sababu ngozi ikifanya uvimbe dawa haiingii sawasawa.

Shuleni nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu, umwonyeshe dalili za mtoto wako hasa, na mkubaliane kwamba sukari ikishuka atakula pale pale alipo, bila kusubiri kengele na bila kutumwa ofisini peke yake.