Usiumwagie Petroli Uyoga wa Bustanini

Desemba moja, mvua za Lubumbashi zikiwa zimekolea, nilitoka asubuhi kuchuma mboga za lengalenga nikakuta juu ya matandazo kitu cha manjano makali, kipana kama sahani na laini kama mayai yaliyovurugwa. Mama jirani aliniambia kwamba hiyo ilikuwa dawa iliyotupwa na mtu mwenye nia mbaya. Nilishikwa na hofu, nikakimwagia petroli, na baada ya siku chache tuta zima la lengalenga likawa limekauka.

Wataalamu hukiita kitu kile Fuligo septica. Si uyoga halisi wala si ugonjwa wa mimea, bali ni kiumbe cha ute kinachotambaa polepole juu ya mbao zinazooza, kikila bakteria, kisha hukauka na kuacha ganda lenye unga mweusi. Hakidhuru mboga. Kama kinakuchukiza, kizoe kwa koleo kingali kibichi, kwa sababu unga wake ukipeperuka huweza kuwasumbua wenye pumu.

Tangu hapo huinama na kutazama kwanza. Juu ya maranda ninayochukua kwa seremala huota vikombe visivyofikia upana wa sentimita 1, na ndani ya kila kimoja mna punje bapa za kijivu, zimelala kama mayai katika kiota cha ndege. Tone la mvua likidondokea humo, hurusha punje hizo hadi karibu mita 1, nyingine zikanasa kwenye majani, na kwa njia hiyo uyoga huo huenea. Uyoga mwingine hunuka mzoga ili kuwaita nzi wausambazie mbegu zake. Siku ya kwanza nilitafuta panya aliyekufa nyuma ya jiko mpaka nikachoka.

Viumbe hawa ndio wanaovunja mti mgumu na kuugeuza udongo mweusi, kwa hiyo waacheni wafanye kazi. Tandazeni maranda juu ya udongo kwa unene wa sentimita 5 hivi, mbali kidogo na mashina, wala msiyachanganye na udongo, kwa maana yanapooza humo hunyang'anya mboga naitrojeni na majani hugeuka manjano.

Kuhusu kula, nasema kwa uzito. Uyoga wa porini unaouzwa kando ya barabara wakati wa masika huchumwa na watu waliofundishwa na mama zao kuutambua, lakini ule unaojiotea katika lupango, yaani kiwanja cha nyumbani, ni jambo jingine. Upo mmoja mweupe wenye magamba ya kahawia, Chlorophyllum molybdites, ambao mapezi yake, yaani vile vipande vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia, hugeuka kijani ukikomaa. Ukiwa mchanga hufanana kabisa na uyoga mzuri, nao hutapisha vibaya ndani ya saa chache. Mtoto akila uyoga usiojulikana, mpelekeni hospitali papo hapo pamoja na mabaki ya uyoga huo, hata kama anacheza vizuri, kwa sababu sumu za baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita hukaa saa 6 au zaidi kabla ya kuonyesha dalili, na wakati huo huwa tayari zimeanza kuharibu ini.