Maswali ya Wasomaji: Kung'arisha Alumini ya Injini

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota ya zamani niliyoifufua polepole kwa miaka miwili, na sasa ninataka tapeti kava yake (kifuniko cha juu ya injini), ambayo ni ya alumini, ing'ae hata niweze kujitazama. Niliitoa rangi, nikaisugua kwa msasa namba 120, kisha nikaipaka Brasso na kuifuta nusu siku nzima. Inatoa mwanga wa kijivu tu, na nikiielekeza juani naona mikwaruzo imejaa kila mahali. Je, ninunue polishi gani? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, polishi uliyonayo haina kosa. Umeruka kutoka msasa 120 moja kwa moja hadi kwenye kitambaa, na hakuna polishi inayoweza kufuta mifereji iliyochimbwa na msasa mkali kiasi hicho. Polishi hukwangua kidogo mno. Inang'arisha uso ambao tayari ni laini, na ulaini wenyewe huletwa na msasa.

Usijilinganishe na mama anayesugua sufuria kwa jivu ikang'aa kabla chai haijachemka. Sufuria hutengenezwa kwa bati la alumini lililosawazishwa tangu kiwandani, ilhali kava ya injini ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo uso wake una chembechembe, na ndani yake huweza kuwamo vitundu vidogo ambavyo huvioni mpaka uanze kusugua. Ukikutana na kitundu kirefu, mimi ningekiacha, maana kukifukuza ni kuila kava yenyewe.

Rudi basi kwenye namba 220, uende 320, 400, 600, 800, 1000, 1500 na kumalizia 2000. Kuanzia 400 sugua kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu alumini ni laini na huziba msasa mkavu upesi, na ule uchafu ulioganda ndio unaochora mikwaruzo mipya. Kila ukibadili namba badili na mwelekeo: kama 400 ulisugua kwa urefu, 600 isugue kwa upana, na usiiache mpaka mistari yote ya urefu iwe imetoweka. Wengi hukata tamaa wakifika 800, kwa kuwa kava huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hiyo ndiyo dalili kwamba unakwenda vizuri. Ukifika 1500 utaanza kuona kivuli cha kidole chako, na baada ya polishi simamisha ukurasa wa gazeti hili pembeni mwa kava ujaribu kusoma herufi zake kwenye alumini.

Kwetu Dodoma adui mkubwa ni vumbi. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko alumini, na upepo ukiiangusha moja tu kwenye kitambaa chako wakati wa namba 2000, utarudi hadi 800. Fanyia kazi ndani, mlango ukiwa umefungwa, suuza kava kila unapobadili namba, na hata kama maji ni ya kununua usiyarudie yale ya msasa uliotangulia.

Polishi ipake kidogo kwa kitambaa cha pamba, na usishtuke kitambaa kikiwa cheusi, kwani huo weusi ni alumini inayokwanguliwa. Utando mweusi unaobaki mwishoni huondoka ukinyunyiza unga wa ngano kidogo na kufuta kwa kitambaa kikavu. Mwenye drili anaweza kufunga gurudumu la kitambaa, ila asilielekeze kwenye ncha inayolikabili, kwa maana litaikamata kava na kuirusha.

Uso unaokaa gasketi usiuguse hata kwa namba 2000, la sivyo oili itavuja. Kabla ya kuirudisha kava, ioshe ndani kwa maji ya moto na sabuni, hasa chini ya kile kibati cha kuzuia oili, kwa kuwa mchanga wa msasa ukijificha humo utaishia kwenye mabelingi.

SWALI: Fundi mmoja alinishauri niloweke kifuniko cha altaneta kwenye maji ya kostiki soda ili uchafu utoke wenyewe. Kilitoa mapovu mengi, na sasa ni cheusi. Je, kimeharibika? – Msomaji, Kongwa.

JIBU: Kimeliwa kidogo, lakini kinaweza kuokolewa. Kostiki wanayotengenezea sabuni huila alumini, na mapovu uliyoyaona ni hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Shukuru hukuwa na sigara karibu. Weusi ni silikoni na madini mengine yaliyochanganywa na alumini ya kumimina, ambayo kostiki haikuyayeyusha. Waliopika mlenda kwa magadi kwenye sufuria ya alumini wanaujua weusi wa aina hiyo, ingawa magadi ni mapole zaidi. Suuza kwa maji mengi, kisha anza na msasa 320 ukifuata utaratibu niliomweleza mwenzako wa Nkuhungu. Grisi siku nyingine itoe kwa mafuta ya taa na brashi, ukiwa nje na mbali na moto.

SWALI: Nikishang'arisha nipake vanishi ili mng'ao udumu? Na je, injini itapoa vizuri zaidi? – Msomaji, Manyoni.

JIBU: Vanishi ya kawaida haifai, kwa sababu joto la injini huigeuza ya njano na kuibandua. Iache alumini wazi, ipake nta ya gari injini ikiwa baridi, na irudie polishi kidogo inapoanza kufifia. Kwa ukame wetu utachelewa kuirudia kuliko ndugu zetu wa pwani wenye hewa ya chumvi.

Kuhusu kupoa, uso unaong'aa hutoa joto kwa mnururisho kidogo kuliko uliofifia, lakini kwenye kava hutaona tofauti yoyote. Rejeta iache ilivyo.