Kabla ya Masomo ya Ziada, Mpeni Mtoto Waya na Ndala

Wazazi wanaotaka mtoto wao awe mhandisi huniuliza kwanza kuhusu masomo ya ziada ya hisabati, nami huwauliza kama nyumbani pana waya, ndala zilizokwisha na mtu mzima mwenye subira. Hisabati ni lazima, hilo halina ubishi. Lakini anayeijua bila kuwahi kuunda kitu kwa mikono yake hupata tabu siku mashine inapokataa kufuata kitabu.

Chukueni gari la waya tulilokuwa tukilisukuma mitaani. Magurudumu tuliyakata kwenye ndala, na tundu la ekseli likikaa pembeni kidogo tu ya katikati, gari lilitulia ukitembea nalo polepole, lakini ukianza kukimbia lilirukaruka hadi likapinduka. Fundo lililounganisha waya wa usukani na ekseli ya mbele likilegea, usukani ulikuwa na plei: unakata kona, magurudumu yanachelewa kuitika. Chuoni, mhadhiri alipoeleza kwamba nguvu inayoitikisa rota (sehemu ya mashine inayozunguka) isiyo na mizani huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, mlinganyo ule ulikuwa mgeni kwangu, ila tabia yenyewe niliifahamu tangu utotoni.

Wilbur na Orville Wright, ndugu wa Marekani waliokuja kuunda na kurusha ndege ya kwanza ya injini, waliletewa na baba yao, mwaka 1878, helikopta ya kuchezea iliyoundwa kwa mianzi, kizibo na karatasi, ikirushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Walijiundia nyingine, wakazidi kuzikuza, wakagundua kwamba kadiri zilivyokuwa kubwa ndivyo zilivyoshindwa kuruka. Gari la betri la dukani, linalokwenda lenyewe huku mtoto akilitazama, haliwezi kumfikisha kwenye swali kama hilo. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara ya fedha.

Kwa hiyo mpeni bisibisi na redio mbovu ya betri, binti kwa mvulana, na msiwe wepesi wa kumrekebishia. Asiguse kitu kinachochomekwa ukutani, wala televisheni ya chogo, kwa sababu hata ikichomolewa inaweza kubaki na chaji ya hatari. Akishaifunga redio na skrubu mbili zikabaki mezani, muulizeni zilikuwa zimeshika nini, kisha mwacheni aifungue tena.