Hela inaishia wapi? Majibu kuhusu LUKU, gesi, mafuta ya kupima na kausha damu

Maswali ya safari hii yanafanana: kipato ni kilekile, mwezi hauishi, na hela haijulikani ilikopita. Tumejibu saba. Bei za gesi, mkaa, mafuta na mikopo hapa ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako, namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Shikamooni. Jirani yangu akinunua umeme wa elfu kumi anapata uniti zaidi ya 70. Mimi napata 28, na safari nyingine 23. Naibiwa? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Marahaba mama. Huibiwi, mko kwenye tarifu (daraja la bei) tofauti. Jirani yako yuko D1, ya nyumba zenye matumizi madogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi hapo ni 350. Wewe uko T1, ambako uniti ni 292 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Juu yake weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Ndiyo maana uniti moja inakugharimu shilingi 356 na jirani yako 122. Elfu kumi ukiigawa kwa 356 unapata 28.

Hizo 23 ni za ununuzi wa kwanza wa mwezi. Hapo inatangulia kukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na 8,500 inayobaki ndiyo inayonunua umeme. Anayekaa miezi mitatu bila kununua hukatwa 4,500 kwa mkupuo, kisha anasema mita imemla hela. Soma meseji ya tokeni hadi mwisho, makato yote yameandikwa.

Unaweza kuomba TANESCO wakuhamishie D1, lakini wanaangalia matumizi yako. Jumlisha uniti za tokeni za miezi mitatu, gawa kwa tatu. Ukiwa chini ya 75, nenda ofisini na namba ya mita. Ukiwa 95, ombi litagonga mwamba, punguza kwanza.

Pa kupunguzia mita yenyewe itakuonyesha. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake taa ikipepesa mara 1,000 umetumia uniti moja. Zima vyote, washa kifaa kimoja, hesabu kwa dakika nzima. Kwenye mita ya 1000, mara 10 kwa dakika ni wati 600. (Ya 1600 ikipepesa mara 10, ni wati 375 tu, kwa hiyo soma namba kabla ya kuhesabu.) Halafu chomoa kila kitu ukutani. Taa ikiendelea kupepesa, ama waya unavujisha ama kuna mtu amejiunga kwako. Ita fundi umeme mwenye leseni, usifungue mita mwenyewe.

Kwenye nyumba nyingi mlaji mkubwa si taa wala televisheni, ni chochote kinachopasha moto. Hita ya ndoo ya wati 1,500 ikikaa dakika 20 imekula nusu uniti. Ndoo mbili kila siku ni uniti 30 kwa mwezi, asilimia 40 ya kiwango chote cha D1. Baada ya hita, angalia friji. Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, mpira umechoka, baridi inatoka na kompresa haipumziki. Kubadilisha mpira ni kazi ndogo kwa fundi friji.

Tumepanga wanne kwenye nyumba moja yenye LUKU moja. Kila mwezi ni ugomvi. (Mpangaji, Tabata)

Fungeni submita (mita ndogo ya ndani) kila chumba, kila mtu alipie alichosoma. Bila hivyo mwenye friji atabebwa na mwenye taa mbili, na ugomvi hautakwisha. Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba, hata kama inakatwa kwenye tokeni mnayonunua ninyi. Tunzeni meseji na mkubaliane naye ipunguzwe kwenye pango, tena kwa maandishi.

Jueni pia kwamba familia nne kwenye mita moja hazikai D1. Uniti 40 kwa kila familia ni 160, sawa na takriban 57,000 kwa T1. Uniti hizohizo, kila familia ikiwa na LUKU yake ya D1, zingegharimu kama 19,500. Mwonyesheni mwenye nyumba hesabu hiyo kabla ya kumwomba mita nyingine.

Gesi ya kilo 6 ilikuwa inanifikisha mwezi, sasa wiki mbili na nusu. Nirudi kwenye mkaa? (Dada wa Buza)

Kabla ya kurudi, jua gesi inapotelea wapi. Kwenye shingo ya mtungi pamechongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi baada ya herufi TW au neno TARE. Jumlisha na 6. Ikiwa ni kilo 7.2, mtungi uliojaa usome 13.2 kwenye mizani. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na kupimiwa mbele yako ni haki yako, siyo fadhila. Akikuambia lakiri ya plastiki inatosha, nenda duka la pili.

Mtungi ukiwa na uzito kamili, paka povu la sabuni kwenye regulata, kwenye mpira na pale mpira unapoingia kwenye jiko. Mapovu yakivimba, panavuja. Usipime kwa kiberiti. Halafu tazama moto. Wa bluu uliotulia ni mzuri. Wa njano unaopaka sufuria masizi unamaanisha matundu ya bana (kichwa cha jiko kinachotoa moto) yameziba kwa uji na mafuta, na gesi haiungui yote. Chomoa bana, sugua kwa brashi, zibua kwa sindano, likauke kabisa ndipo urudishe. Na miali inayopanda pembeni ya sufuria unaipashia hewa. Punguza hadi ibaki chini ya kitako, funika.

Sasa mkaa. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida, au kilo 2.5 hadi 3 kwenye jiko banifu. Gesi ikiwa 24,000 kwa kilo 6, kilo ni 4,000. Kwa jiko la kawaida, mkaa utakuwa nafuu kwako ukiupata chini ya 1,000 kwa kilo. Wengi hawajui wanaupata kwa bei gani kwa sababu wananunua kwa kopo. Peleka kopo lako la mkaa kwenye mizani ya duka mara moja tu. Sado ya lita 4 mara nyingi inacheza kwenye kilo moja. Kama umeinunua 1,500, tayari umeizidi gesi.

Kinachomaliza mtungi kuliko vyote ni maharage. Loweka kilo nzima usiku, maji mara tatu ya maharage, saa nane au zaidi, kisha mwaga maji hayo. Chemsha yote siku moja, gawa kwenye vyombo, weka kwenye friji ule siku tatu. Nyanya na ndimu ziingie maharage yakishaiva, kwa sababu uchachu unayazuia kulainika. Magadi yanaharakisha kweli, ila yanaharibu vitamini B, hatuyapendi. Mwenye presha kuka ya umeme ya wati 1,000 asiiogope LUKU: ikishapata presha inajizima na kujiwasha, kwa hiyo mpiko mmoja wa maharage unakula kama nusu uniti au chini yake. Hata kwa T1 hiyo haifiki shilingi 200.

Kwa Mangi nanunua mafuta ya kupima ya 500 kila siku. Kuna hasara gani, si nalipa kidogo kidogo? (Kijana wa Manzese)

Unalipa kidogo kidogo kwa bei ya juu. Chukua chupa tupu ya soda ya mililita 350, jaza mafuta ya kupima, hesabu vipimo. Vikiingia sita, umelipa 3,000 kwa mililita 350, sawa na kama 8,570 kwa lita. Linganisha na chupa ya lita moja iliyo rafuni kwake hapohapo. Ikiwa 6,500, kila lita unayopimiwa unamwachia Mangi zaidi ya 2,000. Hana kosa, anamwaga, anakopesha na kipimo ni chake. Ila wewe usiite kubana matumizi.

Kama huna hela ya lita kwa mkupuo, tafuta wanne, mchange dumu la lita 20, kila mtu lita 4. Gawaneni siku hiyohiyo mbele ya wote, kwa chupa safi na kavu, na kila mtu aweke yake gizani. Jua linayachachua mafuta.

Serikali inasema mfumuko wa bei ni asilimia 3. Hao wanaenda soko gani? (Mwalimu, Dodoma)

Soko ni hilihili, mwalimu, ila namba hiyo inajibu swali jingine. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda, siyo bei yenyewe. Wastani wa mwaka ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Kasi imeshuka, bei zimepanda miaka yote mitatu: kapu la 10,000 la 2021 lilifika karibu 11,160 mwaka 2024. Kama mshahara haukuongezeka hivyo, umepunguzwa bila barua.

Pili, kapu la NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), linalopimia mfumuko, si la kwako. Chakula kina uzito wa chini ya theluthi ya kapu hilo. Nyumba inayotumia nusu ya kipato kwa unga, mchele na mboga inaumizwa zaidi chakula kikipanda, hata kama bei za simu na samani zimetulia na kushusha wastani.

Nimekopa kausha damu 200,000, narejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Wanasema riba ni asilimia 30 tu. (Mama lishe, Temeke)

Pole mama. Siyo 30. Utarejesha 260,000, lakini hukukaa na laki mbili mwezi mzima. Deni lilianza kupungua siku ya kwanza, na kwa wastani ulikuwa na kama laki moja mkononi. Elfu 60 juu ya laki moja, kwa mwezi, ni asilimia 60. Kama walikata elfu 10 ya fomu mwanzoni, ni zaidi ya hapo. Ukomo wa riba wa BoT (Benki Kuu) kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki mbili ni 7,000.

Usikope kwingine kulipia hili, hapo ndipo watu wanapoacha meza na masufuria. Omba mkataba na risiti za marejesho yote, kisha tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya BoT. Asipokuwepo, anafanya biashara bila kibali, na una mahali pa kumlalamikia. Programu za simu ni hivyohivyo: Novemba 2024 BoT ilitangaza 69 zisizo na kibali.

Kwa mtaji unaofuata, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukaulizie mikopo ya halmashauri. Haina riba, na inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa na inachukua muda, kwa hiyo anza kabla hujaishiwa.

Ninunue gunia zima la mahindi msimu wa mavuno? (Baba wa familia ya sita, Morogoro)

Ndiyo, kama una pakavu pa kuyaweka. Bei huwa chini baada ya mavuno na hupanda kuelekea Januari na Februari. Nunua kwa kilo, siyo kwa gunia. Lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) inakuchanganya hata wewe mnunuzi, hujui umelipa shilingi ngapi kwa kilo.

Pima ukavu kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi robo yake, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yana unyevu, yarudishe juani kwenye turubai, si chini kwenye udongo. Yakishakauka, tia kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, kamua hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake. Wadudu watakosa hewa, huhitaji dawa. Ukifungafungua kila siku, hewa inaingia na faida inapotea, kwa hiyo toa ya wiki mbili kwa mara moja.

Punje zilizooza, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zichambue, uzitupe, kuku wasipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kusaga wala kupika; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na anayekula dona achambue mara mbili, kwa sababu kwenye dona hakuna kinachokobolewa.