Muulize Anatoka Wapi Kabla ya Kumtoboa Kidole

Wadogo zangu mnaokuja kuanza kazi kwenye zahanati za huku Kusini, karibuni sana. Mimi ni tabibu, na miaka yangu yote 14 ya kazi imepita Lindi na Mtwara. Chuoni tulikariri kisababishi, kisha njia ya maambukizi, kisha dalili. Zahanati mambo yanakuja kinyume. Asubuhi ya mwezi wa tatu, mvua bado inanyesha, unafungua mlango unakuta benchi limejaa na nusu ya watu wana neno moja tu: homa. Dalili zitakuonyesha mwili unaumia wapi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi utaujua kwa kuuliza mtu huyu amekanyaga maji gani, amekunywa nini, analala chumba kimoja na nani.

Mwaka wangu wa pili alikuja kaka mmoja, mkulima wa mpunga bondeni. Homa, kichwa, mwili mzima unauma. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mistari miwili, nikampa dawa ya mseto, akaenda. Siku ya nne akarudi akitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Macho mekundu, lakini hayana tongotongo wala machozi. Nilipomshika misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, aliruka kitandani. Ndipo nilipomuuliza swali nililopaswa kumuuliza siku ya kwanza: "Kaka, wiki mbili hizi umekuwa ukifanya kazi gani?" Alikuwa akipalilia mpunga pekupeku, maji yakimfika magotini, na usiku analala kwenye dungu, panya wakipita chini. Kidole gumba cha mguu kilikuwa na kidonda cha jembe. Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, akatibiwa kwa antibayotiki, akapona. Ninapokumbuka zile siku nne za katikati bado naumia.

Ile picha ndiyo ya homa ya mgunda, na jina lenyewe linakupeleka shambani. Bakteria wake, leptospira, hukaa kwenye figo za panya na wanyama wengine na kutoka na mkojo. Mkojo unaingia kwenye maji na tope, na bakteria wanaingia kwa mtu kupitia kidonda, mchubuko, macho au mdomo. Dalili mara nyingi hujitokeza kati ya siku 5 na 14, ndiyo maana naulizia wiki mbili na si jana. Ukiona manjano, mkojo kupungua au damu puani, ugonjwa umeshafika mbali. Julai 2022, wilayani Ruangwa, watu walipougua homa na kutokwa damu puani, hofu ilitanda nchi nzima. Vipimo vya Ebola na Marburg vilionyesha hawana, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo 3. Homa ya kutoka damu msiichezee. Vaeni glovu, mtengeni mgonjwa, toeni taarifa, jina la ugonjwa litafuata baadaye.

Macho mekundu pia yana mtego wake huku kwetu. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, watu wanakuja macho yamewaka na kifua kinabana, na hakuna mdudu yeyote hapo. Uliza kama amepuliza, uliza kama ana homa. Asiye na homa, mwenye vumbi la njano kwenye kola ya shati, mnawishe macho kwa maji mengi safi, na umshauri kujifunika vizuri akirudi shambani.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wanaotoka hapahapa hawalijui. Chikungunya, ugonjwa unaotajwa leo hadi India na Brazili, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, katika mlipuko wa mwaka 1952. Jina ni la Kimakonde, linahusu kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Ukimwona mama hawezi kukamua kanga, hawezi kushika mchi, vifundo vya mikono na miguu vimevimba, na homa imempanda ghafla, ukumbuke. Kule juu maji ni ya shida tangu zamani, watu wanayahifadhi nyumbani kwenye mitungi na mapipa, na mbu wa aina ya Aedes anazaliana humohumo. Huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Swali lako liwe: "Mama, maji mnayaweka wapi, na pipa lina mfuniko?" Dawa ya kuua kirusi hicho hatuna. Mpe parasetamo, anywe maji, na umweleze wazi kwamba maumivu ya viungo yanaweza kukaa miezi, asije akadhani amerogwa. Aspirini na diklofenaki ziache mpaka uhakikishe si dengi, maana zinaweza kuongeza kutoka damu.

Sisemi malaria mwisahau. Bado ndiyo inayojaza mabenchi yetu, na mtoto mwenye homa lazima apimwe. Ila mjue kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona, kwa hiyo uliza alimeza dawa lini mara ya mwisho. Na mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea, huyo maswali yasubiri: mpe dozi ya kwanza, tafuta usafiri. Mama akikwambia alianzia kwa mganga wa kienyeji, usimkaripie. Ukimkaripia, safari ijayo hatakuja kabisa.

Kwenye kuharisha, tazama kinyesi mwenyewe, usiridhike na kusimuliwa. Kama maji yaliyooshea mchele, mengi, bila maumivu makali ya tumbo na mara nyingi bila homa, macho yamezama ndani ya saa chache: hicho ni kipindupindu mpaka kithibitishwe vinginevyo, na maji yaanze kuingia mwilini kabla hujamaliza kuandika. Chenye damu na homa ni habari nyingine.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, chukua makohozi. Familia nyingi zitamtengea mgonjwa sahani na kikombe chake, halafu wanalala naye chumba kimoja dirisha limezibwa kwa gunia. Kifua kikuu kinapita hewani. Waambie wafungue dirisha, na waje wote wapimwe.

Halafu kuna mabusha, ambayo hatutayasikia kwenye benchi kwa sababu ya aibu. Mzee mmoja wa Mikindani alikaa na lake miaka mingi akiamini limetokana na madafu, na madafu alishaacha tangu ujana. Nilimwamkia, nikafunga mlango, nikamweleza kwamba ni minyoo midogo inayoletwa na mbu, na kwamba hutokeza kwenye damu usiku, ndiyo maana tuliwahi kuwapima watu saa nne za usiku. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, dafu naweza kunywa?" Nikamwambia kunywa, babu. Nikampa barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji.

La mwisho linahusu kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje. Msiandike jina la kijiji tu, ulizeni na kitongoji. Ijumaa jioni, kabla hujafunga, pitisha kidole kwenye safu ya makazi. Ukikuta wagonjwa watatu wa kitongoji kimoja wenye homa inayofanana ambayo dawa ya mseto haikuigusa, piga simu wilayani jioni hiyohiyo, hata kama huna jina la kuwaambia.