Jikoni baridi, vyumba vingine joto: kabla hujamlaumu thamostati

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tunaishi Leeds, Uingereza, kwenye nyumba inayopashwa joto kwa mabomba ya maji moto yaliyolazwa chini ya sakafu. Sebule na vyumba vya kulala viko sawa, ila jikoni sakafu ni baridi tangu majira ya baridi yaanze. Nimenunua thamostati mpya (kile kifaa cha ukutani kinachopima joto la chumba na kuagiza joto), inawaka na inaonyesha kuwa inaita joto, lakini hakuna kilichobadilika. Mume wangu anasema bomba limeziba, tubomoe vigae. Tufanyeje?

JIBU: Salama, dada. Mwambie shemeji aweke nyundo chini kwanza. Vyumba vingine vikipata joto, maana yake boila ni nzima, pampu inasukuma na fyuzi ya bodi (kisanduku kinachopokea wito wa thamostati na kupeleka umeme kwenye vali) haijakatika. Tatizo liko kwenye njia ya jikoni peke yake, na mara nyingi hukaa mahali unapoweza kupafikia kwa mkono.

Fungua kabati lenye mabomba yote yanayogawanyika. Juu ya kila vali kuna kofia ya plastiki yenye waya: hiyo ndiyo akchueta. Ndani yake mna nta. Thamostati ikiita, umeme hupasha nta, nta inatanuka, kofia inaachia pini ya vali na maji yanapita. Huchukua kama dakika tatu hadi tano, kwa hiyo usiwe na haraka.

Pandisha thamostati ya jikoni mpaka iite, subiri dakika kumi, kisha ishike kofia ya jikoni. Inayopata umeme huwa na uvuguvugu mkononi, na nyingi zina kidude kinachochomoza juu. Ikiwa baridi, ifungue kwa kuizungusha bila kugusa nyaya. Hakikisha sebule nayo inaita, ili pampu izunguke. Kofia ikitoka, vali hubaki wazi. Bomba la jikoni likianza kupata moto, vali na bomba ni vizima. Kosa ni la kofia au umeme wake.

Bomba likibaki baridi, tazama pini. Ibonyeze kwa mgongo wa kijiko: inatakiwa kushuka milimita chache na kurudi yenyewe. Iliyolala tangu kiangazi hunata. Ibonyeze taratibu mara kadhaa mpaka ilegee. Usiivute kwa koleo hata kidogo, ikichomoka utaoga. Pini ikicheza vizuri na maji bado hayapiti, hapo fikiria hewa ndani ya bomba, na hiyo ni kazi ya fundi bomba kuitoa.

Sasa kutenganisha kofia na umeme. Bodi nyingi za Uingereza hutoa volti 230, basi zima swichi yenye fyuzi inayolisha bodi, na uhakikishe kwa tesa (kipima umeme) kwamba umeme umekatika. Kama hujawahi kushika nyaya za umeme, mwite fundi umeme. Hapa si pa kujifunzia. Nyaya za kofia ya jikoni zihamishiwe kwenye tundu za sebule ndani ya bodi, umeme urudishwe, sebule iite. Ikipata uvuguvugu au kidude chake kikichomoza, kofia ni nzima, na anayefuata kushukiwa ni hiyo thamostati yako mpya. Za bila waya lazima zitambulishwe kwa bodi, kwa chumba chake. Inaweza kuwaka vizuri kabisa huku bodi haiisikii. Za waya, angalia kama waya wa kurudisha umeme uko kwenye tundu lake.

Kofia ikibaki baridi, imekufa. Unaponunua nyingine, soma ubavuni mwa ile ya zamani: volti 230 au 24, nyaya mbili au nne, na kipimo cha uzi wa skrubu wa kufungia, ambacho mara nyingi ni M30 x 1.5. Ya volti 24 ukiifunga kwenye bodi ya 230 itaungua. Na sakafu ya zege hupanda joto polepole, saa kadhaa, kwa hiyo ukifunga jioni pima asubuhi.